Land Cruiser yangu iliandikiwa raitofu nikabaki nayo: yaliyonikuta na hesabu zake

Raitofu ni pale bima wanaposema gari iliyopata ajali hailipi kuitengeneza, wanakulipa thamani yake; ukitaka kubaki na gari lenyewe, yaani mabaki, wanakukata bei yake. Nianze na wenye mkopo. Kama kwenye kadi ya gari yako lipo jina la benki, basi hela ya bima inapita kwao kwanza na hilo suala la kubaki na mabaki sio lako peke yako, kaa nao mezani mapema. Yangu ilikuwa imeshalipwa yote, ndio maana niliweza kubishana vile nilivyobishana.

Gari yenyewe ni Land Cruiser pick-up, hizi tunaita mkonga, HZJ79 ya 2004, injini 1HZ ya pistoni sita, lita 4.2, haina tabo haina kompyuta. Inabeba vyakula, mitungi ya gesi na maji kupeleka kwenye kambi za watalii upande wa Ziwa Natron. Unatoka Arusha unafika Mto wa Mbu unakata kulia, Selela, Engaruka, hadi Ngare Sero. Anayeijua hiyo njia anayajua makorongo yake, mvua inanyesha huko juu ya bonde la ufa wewe huku chini huoni hata tone, asubuhi unakuta ukingo wa korongo ulioshukia jana umekatika kama umekatwa na jembe.

Ndicho kilichotokea. Dereva wangu, mzee wa Kimeru ambaye ameendesha mkonga tangu mimi niko primari, alikuwa anateremka korongoni jioni na mzigo, ukingo wa kushoto ukamegeka, gari ikalala ubavu halafu ikamalizia na paa. Akanipigia, "Mama, gari imelala, ila sisi ni wazima." Uzima wenyewe bega limeteguka na kijana wa kupakua amepasuka juu ya jicho, lakini kwa paa nililokuja kuliona kesho yake nilimshukuru Mungu kwa sauti mbele za watu. Wakachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, wakatibiwa.

Sasa hapa kuna kitu mzee alikifanya ambacho kiliokoa injini na naomba kila mwenye dizeli akishike. Vijana wa Kimaasai wa pale jirani na gari moja ya watalii walisaidia kuivuta ikasimama kwenye magurudumu, na kama kawaida yetu kukatokea mtu, "Mzee piga stata tuone kama inawaka." Akakataa, akachomoa waya wa betri, akaweka funguo mfukoni kabisa. Gari ikilala ubavu au ikapinduka oili inapanda juu ya pistoni na kuingia hata kwenye manifodi ya hewa. Oili haibanwi. Ukipiga stata pistoni inagonga ukuta wa oili na koneksheni rodi inapinda, na ikibahatika kuwaka inaweza kuanza kujilisha hiyo oili yenyewe ikapiga mbio hadi ijiue, uzime funguo usizime. Kilichofanyika baadaye gereji ni kutoa glo plagi (zile plagi za kupasha injini ya dizeli) zote sita, injini ikazungushwa kwa spana taratibu mpaka oili yote ikatoka kwenye yale matundu (ilitoka nyeusi, ikamwagika mpaka kwenye viatu vya fundi), tukamwaga oili yote, filta mpya, tukasafisha njia ya hewa, ndipo ikapigwa stata kwanza bila glo plagi. Ziliporudishwa iliwaka vizuri tu. 1HZ ni injini ya heshima.

Kuivuta hadi Arusha kwa bredidauni nilitoa milioni 1.4. Bima wakaja kunirudishia laki tano, kumbe kwenye mkataba wao wa bima kuna kikomo cha gharama za kuvuta. Kaisome yako leo, ni mstari mmoja tu unajificha katikati.

Kabla haijaingia yadi yoyote nilipiga picha kila kona, hadi namba ya betri na kilomita za kwenye dashibodi, nikatoa redio, jeki, tairi la akiba na turubai, nikaandika orodha tukasaini mimi na mlinzi. Watu wakaniona mshamba. Gari iliyokuwa imelazwa jirani na yangu, mwenyewe alikuja wiki iliyofuata akakuta haina betri wala taa za nyuma, na hakuna aliyeona wala kusikia.

Asesa, mkaguzi wa hasara wa bima, akaja, akapiga picha, hakunisemesha sana. Makadirio yalifanywa na gereji kubwa ya mjini, yakatoka milioni 44, na gari niliikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, kwa thamani ya milioni 58. Barua ikaja kwamba kuitengeneza hakuna faida kwa hiyo ni raitofu. Nikalia. Nililia chooni ofisini, sio siri, maana ile gari ndio biashara yenyewe. Kaka yangu akaniambia chukua hela kanunue Noah upige abiria, achana na hicho chuma.

Nilipotulia nikaisoma ile karatasi ya makadirio mstari kwa mstari. Kabini nzima mpya. Milango miwili mipya. Boneti, fenda, taa, rejeta, vyote vipya vya kuagiza, juu yake VAT asilimia 18, juu yake ufundi wa bei ya mjini. Hapo ndio nikaelewa kwamba raitofu ni hesabu ya makaratasi. Hakuna aliyeandika kwamba gari imekufa. Wamesema kuitengeneza kwa vipya, kwenye gereji ile, kunakaribia thamani yake, basi. Chuma chenyewe hakuna mtu aliyekuwa amekipima, na kwenye karatasi nzima chesisi imetajwa kwa maneno mawili, "ikaguliwe zaidi".

Ofa yao ya kwanza ilikuwa hivi. Thamani ya gari siku ya ajali wamesema milioni 50, sio ile 58 niliyokatia, maana bima inalipa bei ya soko kama ni ndogo kuliko ile ya kwenye mkataba (ndio, ile tofauti ulikuwa unailipia bure, usikatie gari thamani ya kujifurahisha). Toa ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, asilimia 10, milioni 5. Nikitaka kubaki na gari, toa mabaki milioni 18. Mkononi napata 27. Au niwaachie gari, funguo na kadi nichukue 45.

Broka wangu akawa ananisukuma nisaini hati ya kukubali malipo, dada saini upesi upate hela upesi. Hii hati ukishaisaini umemaliza, umekubali huna dai tena. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja cha kuchukua hapa chukua hiki, usisaini chochote, cha kubaki nayo wala cha kuiachia, mpaka fundi WAKO amelala chini ya gari na futi mkononi.

Nilimpeleka fundi wa chesisi kutoka maeneo ya Unga Limited. Arusha tuna bahati moja, hapa ndio mikonga inakatwa na kurefushwa iwe magari ya safari, kwa hiyo kuna watu wameshika chesisi za 79 mpaka wanazijua gizani. Mzee wa watu, mwembamba, hana maneno. Akaiinua gari ikae levo kwenye stendi nne, akachukua timazi ile ya waashi, akaning'iniza kwenye tundu la chesisi mbele kulia, akaweka alama ya chaki sakafuni pale ncha ilipogusa. Akafanya hivyo kwenye matundu yote yanayofanana kulia na kushoto, mbele hadi nyuma. Kisha tukavuta futi kona kwa kona kwenye zile alama za chaki, mimi nimeshika upande mmoja. Katikati na nyuma mishazari ililingana kabisa. Mbele, kuanzia kwenye mikono ya springi kwenda kwenye bampa, ilitofautiana milimita 14. Akasimama akajipangusa magoti akasema, "Mama, hii imepinda pua tu. Mgongo mzima."

Nikamuuliza na namba. Kwenye hizi gari namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya kulia mbele, karibu na gurudumu. Ile sehemu ikikatwa na kubadilishwa umejitafutia kesi, gari haina kitambulisho, trafiki na TRA (mamlaka ya mapato, wenye kadi za magari) hawatakuelewa hata uwe na risiti za dunia nzima. Bahati nzuri iliyopinda zaidi ilikuwa ya kushoto. Kama kipondo kingekuwa kulia kwenye namba, ningewaachia gari siku hiyo hiyo, na nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Baada ya kupima nikarudi mezani, sasa nikiwa na kitu cha kusema. Kuhusu thamani, nilikusanya bei za mikonga ya miaka ileile iliyokuwa inauzwa Arusha, Moshi na Dar, nikaambatanisha na risiti za sevisi. Kuhusu mabaki, niliomba kwa maandishi wanionyeshe hiyo milioni 18 imetoka wapi, nani ametoa zabuni hiyo. Maana kama kweli kuna mtu ametoa 18 taslimu ni haki yao kunikata 18, lakini kama ni asilimia tu mtu amepiga kichwani, basi na mimi nina kichwa. Zabuni ya juu kabisa waliyoweza kunionyesha ilikuwa 12 na nusu. Walizungusha, walinuna, mmoja akaniambia mbona wateja wengine hawasumbui. Niliwaeleza kwa upole tu kwamba tukishindwana nitapeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ambaye yupo kisheria kwa ajili ya watu kama mimi, na kwamba TIRA, wasimamizi wa kampuni za bima, nao wanapokea malalamiko. Sikufika huko. Tukamalizana thamani milioni 54, ekses 5.4, mabaki 12.5, nikaondoka na 36.1. Kutoka 27. Hiyo tofauti ya milioni 9 hakuna fundi angenipunguzia gereji hata angefanya kazi kwa mapenzi.

Haya, gereji sasa.

Chesisi ilivutwa kwa minyororo na jeki za haidroliki, baridi, bila moto. Kuna fundi mwingine alikuwa tayari kunifanyia kwa nusu bei kwa kuichoma na gesi ikilainika aikunje, ni haraka kweli, ila chuma kilichopashwa hivyo kinapoteza nguvu na huyu ndiye atakayebeba mitungi ya gesi kwenye makorongo. Nililipa milioni 1.8, na timazi likarudi, chaki ikarudi, tukabaki na tofauti ya milimita 2. Nikalala usingizi usiku huo.

Paa na ukuta wa nyuma wa kabini sikununua kabini nzima. Wale wanaotengeneza magari ya safari wakikata pick-up wanabaki na vipande, paa hawalihitaji, ukuta wa nyuma hawauhitaji, vimerundikwa nyuma ya gereji kuku wanatagia humo. Nilipata paa, ukuta na fremu ya kioo cha mbele kwa milioni 3.8, vyote havina kutu. Fundi bodi akachoma paa pale lilipochomewa kiwandani, kwenye maungio, hakukata nguzo katikati. Hilo mlisimamie wenyewe, nguzo iliyokatwa katikati ikaungwa na kufunikwa puti inapendeza mpaka siku ya kupinduka tena.

Spea nyingine niliagiza Gerezani, Dar. Ukinunua spea za mkonga kwa simu unatakiwa ujue miaka. Mwaka 1999 Toyota walibadilisha mbele, za kabla ya hapo zina springi za majani mbele na vifungo sita vya gurudumu, za baada zina springi za koili na vifungo vitano. Halafu 2007 wakabadilisha sura, boneti na fenda za uso mpya hazikai kwenye uso wa zamani. Muuzaji mmoja aliniapia hausingi ya ekseli aliyonayo "inaingia bila hata kugonga". Nikamwambia nitumie picha ya habu nihesabu vifungo. Sita. Nikamwambia kaka hiyo ni ya 75, modeli iliyotangulia 79, akacheka akasema dada wewe unajua magari, kama vile tulikuwa tunachezeana.

Hiyo hausingi yenyewe ndiyo iliyonitesa kuliko vyote. Gari ilikuwa imeshaunganishwa, imeshapakwa praima, nikaitoa barabara ya Njiro nikaona inavuta kushoto. Wa alaimenti akarekebisha, ikavuta. Akarekebisha tena, akala hela, ikavuta. Ekseli ya mbele ya hii gari ni ya kipande kimoja, kule kuegemea kwa tairi ndani au nje hakuna bolti ya kurekebisha, kukikosea ujue ama beringi zimelegea ama hausingi imepinda. Ukiiangalia kwa macho imenyooka. Ilipotolewa ikalazwa juu ya reli iliyonyooka, mwanga ukapita chini yake upande wa kushoto. Ya mtumba yenye vifungo vitano ilinigharimu milioni 2.2 na ufundi wa kufungua kila kitu upya. Hapo nilimkasirikia kila mtu, hadi mama muuza chai wa pale gereji akaniambia mwanangu kaa chini unywe kwanza. Kwa hiyo nyie, ekseli ipimwe siku ileile ya chesisi, ikiwa bado iko wazi.

Malipo ya fundi nilifanya kwa hatua. Chesisi ikisimama sawa, lipa. Kabini ikikaa na milango ikafunga, lipa. Fundi bodi aliyelipwa yote mwanzoni anakuwa na msiba kila wiki. Na spea nilinunua mwenyewe nikazipeleka mwenyewe, zile za zamani nikazirudisha nyumbani, hata zilizovunjika, maana chuma chakavu nacho kina bei.

Kwenye rangi beba sumaku ndogo. Kabla ya praima pita nayo mwili mzima, inaposhindwa kung'ata ujue hapo puti ni nene, wafungue wanyooshe bati kwanza. Fundi rangi hakufurahi. Mimi nilirudia rangi ileile ya mchanga iliyo kwenye kadi, kwa sababu ukibadilisha rangi lazima TRA wabadilishe na kadi, na sikutaka safari nyingine ya foleni.

Kwa ujumla matengenezo yalikaribia milioni 26. Sasa ongeza ambacho hakuna anayekuhesabia, pick-up ya kukodi ili kambi zisikose chakula wakati yangu iko juu ya mawe, ikala milioni 6 na ushee. Ukiweka pamoja ni 32 na zaidi, dhidi ya 36.1 nilizopewa. Ningesaini ile ofa ya 27, ningekuwa nimechimba mfukoni milioni 5 kuifufua gari ambayo watu tayari wanaiita mkaa. Ungeniuliza kwa nini sikuchukua 45 nikanunue nyingine, niliangalia hilo. Za kuagiza za umri ule zinakamatwa na ushuru wa uchakavu, za hapa ndani za 45 nyingi nilizokagua zilikuwa na chesisi zilizoungwa na mwenye nazo anakuapia haijawahi kuguswa. Yangu angalau najua iliguswa wapi. Ila kama ingekuwa gari ya mjini, ya spea ghali na mifuko ya hewa iliyofumuka, nisingethubutu, ningechukua hela nikaondoka.

Kuikatia bima kubwa upya kulikuwa na mambo yake. Kampuni mbili ziliniambia bima ndogo tu, ile inayolipa watu wengine na sio gari lako. Ya tatu ikakubali baada ya ukaguzi, nikawapelekea picha za hatua zote, vipimo vya chesisi fundi alivyoniandikia kwa mkono na kusaini, na risiti. Wakaipa thamani ya milioni 42. Nimekubali, ni haki, gari iliyopinduka haitauzwa bei ya isiyopinduka na siku nikiiuza nitamwonyesha mnunuzi hizo hizo picha.

Mzee bega limepona, anaiendesha, anasema stelingi ni nyepesi kuliko zamani, sijui kama ni kweli au ananifariji. Kilichobaki ni vumbi. Ukipita Engaruka kiangazi linaingia kabini kutokea pale paa linapokutana na ukuta wa nyuma, mzee anafika Ngare Sero nywele nyeupe kuliko alizozaliwa nazo. Tumeshaweka mpira, tumeshaweka silikoni, bado. Mwenye dawa iliyomfanyia kazi kwenye 79 aniambie, na bei yake aniambie kabisa.